Kalamu, Mkeka na Kompyuta: Vijana Wachoraji Waanzeje Kuandika Programu?

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi, Msambweni, baada ya Swala ya Alasiri katika mwezi mtukufu wa Ramadhani)

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema zinamstahikia Allah (s.w.t.), Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.



Ama baad. Nimepewa saa moja kabla ya futari, na mimi mwenyewe nimefunga kama nyinyi, kwa hiyo sitawachosha. Nimeombwa nizungumze na vijana wanaofanya kazi ya uchoraji wa kompyuta: wale wanaotengeza kadi za harusi, mabango ya maduka, fulana, vyeti vya madrasa, stika za matatu na za tuktuk. Hapa Kwale tunao wengi, kuanzia Ukunda mpaka Lunga Lunga. Swali nililopewa ni hili: mchoraji kama huyu, ambaye hakusoma kompyuta chuoni, anaweza kujifunza kuandika programu? Na akitaka, aanzie wapi?

Jawabu langu ni kwamba anaweza, na nitawaeleza aanzie wapi. Lakini kwanza nataka niwape kisa changu mwenyewe, kwa sababu ndicho kilichonifanya mimi nianze.

Dakika kumi

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya kutengeza ratiba ya Ramadhani. Nyote mwaijua: ile karatasi yenye siku 30, nyakati za imsaki na Magharibi, ambayo hubandikwa misikitini, madukani na majumbani. Mashekhe walinipa nyakati kwenye karatasi, zimeandikwa kwa mkono, sahihi kabisa. Mimi kazi yangu ilikuwa kuziandika upya na kuzipamba. Nikaweka mnara, nikaweka mwezi mwandamo, nikaweka rangi ya dhahabu. Ilipendeza sana. Tukachapisha nakala 300.

Siku ya 19 ya Ramadhani Magharibi ilikuwa saa 12:36. Kidole kikateleza, nikaandika 12:26.

Waliokuwa karibu na msikiti hawakudhurika, maana walingoja adhana. Lakini zilikuwako nyumba za mbali, huko mashambani, ambako adhana haisikiki vizuri. Wao wakatazama ukutani, wakatazama saa, wakafungua. Jua lilikuwa bado halijatua. Mashekhe wakaulizwa, wakawaambia siku ile wailipe.

Kesho yake alinijia mzee mmoja na ratiba yangu ameikunja mkononi. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mwanangu, sisi tulikuamini wewe." Akaiweka juu ya meza akaenda zake. Wallahi, lau angenitukana ingekuwa nafuu.

Nilijiuliza usiku ule: mimi nimetumia siku mbili nzima kuchagua rangi ya mnara, na sikutumia hata nusu saa kuhakikisha nambari. Na hata kama ningezisoma upya, nambari 60 za kuandika kwa mkono, macho yamechoka, ningeliona lile kosa? Pengine la. Ndipo rafiki yangu mmoja akaniambia, "Kazi ya kuhesabu na kulinganisha si ya jicho. Hiyo ni kazi ya kompyuta, lakini lazima uijue lugha yake."

Si jambo geni kwetu

Vijana wengi wakisikia "kuandika programu" huona ni jambo la wazungu na la watu wa hesabu ngumu. Ndugu zangu, hebu tazameni nyuma kidogo.

Katika karne ya 9, huko Baghdad, wakati wa Khalifa Al-Ma'mun, alikuwako mwanachuoni Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi. Neno aljebra limetoka katika jina la kitabu chake. Na lile neno algorithimu, maana yake hatua za kufuata moja baada ya nyingine mpaka upate jawabu, limetokana na jina lake yeye mwenyewe, baada ya vitabu vyake kufasiriwa kwa Kilatini. Kila programu duniani imejengwa juu ya algorithimu.

Tazameni pia mapambo ya majengo ya Kiislamu, kule Isfahan, Cairo, Granada na Fez. Nyota juu ya nyota, mistari inapishana, hakuna pa kuanzia wala pa kumalizia. Mafundi wale walitumia bikari na rula, na kanuni ya kurudiarudia. Mwaka 2007 wataalamu wawili, Peter Lu na Paul Steinhardt, walieleza katika jarida la Science kwamba mapambo ya Darb-i Imam huko Isfahan, yaliyojengwa mwaka 1453, yana mpangilio ambao wanahisabati wa Magharibi waliufahamu karne tano baadaye.

Na tusiende mbali. Mama zetu hapa Kwale wanasuka ukili. Mtazameni mama anaposuka: miyaa hii inapita juu, ile inapita chini, ikifika idadi fulani anaingiza ya rangi, kisha anarudia. Hana karatasi. Kanuni imo kichwani. Akikosea mmoja, ua zima linapinda, naye hurudi nyuma akalitafuta kosa lilipoanzia. Hiyo ndiyo programu, hakuna zaidi. Hata tasbihi mkononi mwako ina fundisho hilo: unahesabu mpaka 33, unabadilisha dhikri, unaanza tena. Kurudia kwa idadi, na sharti la kubadilisha. Sasa ni nani atakayesema jambo hili hatuliwezi?

Chombo gani?

Hapa nataka niseme jambo ambalo huenda likatuchoma. Wengi wetu wachoraji tumejifunza kazi kwa programu za wizi. Mtu anakuja na flashi, ana programu ya bei kubwa iliyovunjwa kufuli, tunaiweka kwenye mashine na tunaitumia kutafutia riziki. Wengine hata tunaitumia kuandika jina la Allah kwenye bango. Hukumu yake waulizeni mashekhe, mimi si mufti. Ninalolijua ni kwamba hatuna haja nayo. Kuna programu za bure, zilizotolewa kwa ridhaa ya wenyewe. Kwa michoro ya mistari iko Inkscape, tangu mwaka 2003. Kwa picha iko GIMP.

Na kwa jambo letu la leo iko Processing. Ilianzishwa mwaka 2001 na Casey Reas na Ben Fry, waliokuwa wanafunzi katika chuo cha MIT huko Marekani. Mwalimu wao, John Maeda, alikuwa ametangulia na lugha ndogo aliyoiita Design by Numbers, mwaka 1999. Nia yao ilikuwa kuwarahisishia wachoraji na wasanii, watu kama sisi. Ni ya bure, na ukishaiteremsha mara moja huhitaji tena intaneti. Kwa hiyo kijana asiye na bando nyumbani anaweza kwenda saiba siku moja, akaiweka kwenye flashi, akarudi nayo.

Mwaka 2013 Lauren Lee McCarthy alianzisha p5.js, ambayo ni ndugu yake inayofanya kazi ndani ya kivinjari cha intaneti. Hii unaweza kuijaribu hata kwa simu, ingawa kuandika kwa kidole kwenye kioo kidogo ni mtihani. Mwenye kompyuta, hata ya mtumba, na aanze na Processing.

Nyota ya kwanza

Sasa tuingie kazini. Mistari hii saba ndiyo programu yangu ya kwanza iliyonipa raha. Iandike kama ilivyo, na usiisahau ile alama ya nukta na mkato mwishoni:

size(600, 600);
background(255);
noFill();
translate(300, 300);
rect(-100, -100, 200, 200);
rotate(PI/4);
rect(-100, -100, 200, 200);

Mstari wa kwanza ni ukubwa wa karatasi: nukta 600 kwa 600. Wa pili ni rangi ya karatasi. 255 ni nyeupe na 0 ni nyeusi. Wa tatu unasema usijaze rangi ndani, chora mistari tu. Wa nne unahamisha kitovu mpaka katikati ya karatasi. Wa tano unachora mraba. Wa sita unazungusha kwa nyuzi 45. PI ni nusu ya duara, yaani nyuzi 180, na ukiigawa kwa nne wapata 45. Wa saba unachora mraba uleule tena.

Ukibonyeza kitufe cha kuendesha utaona nini? Nyota ya pembe nane. Ile ile mnayoiona kwenye misahafu na kwenye milango ya misikiti! Miraba miwili tu, mmoja umezungushwa.

Mambo mawili humkwaza mchoraji hapa. Kwanza, kompyuta huanza kuhesabu kwenye pembe ya juu kushoto, na ukienda chini nambari inaongezeka. Ni kinyume cha grafu tulizochora shuleni. Pili, amri ya kuzungusha haizungushi umbo, bali huzungusha karatasi nzima kwa kukizunguka kile kitovu. Usipohamisha kitovu kwanza, mraba wako utarukia pembeni au utapotea kabisa. Mimi nilipoteza jioni tatu kwa jambo hili. Nyinyi msipoteze hata moja.

Sasa ondoa mistari mitatu ya mwisho, uweke hii badala yake:

for (int i = 0; i < 16; i = i + 1) {
rect(-100, -100, 200, 200);
rotate(PI/32);
}

Tumeiambia kompyuta: rudia mara 16, kila mara chora mraba kisha zungusha kidogo. Hapo unapata ua la duara lenye ncha 64. Kwa kipanya ungelichora kwa muda gani? Na mteja akisema, "Aah, mimi nataka liwe na ncha chache," wewe unabadilisha nambari mbili tu. Weka 8 mahali pa 16, na PI/16 mahali pa PI/32. Basi.

Ile herufi i huitwa kigeugeu, maana thamani yake inabadilika. Ukishafahamu kigeugeu, kurudia na sharti, umefahamu mambo makubwa matatu. Mengine yote hujengwa juu yake.

Kutoka mchezo mpaka kazi

Zoezi la pili ninalowapa vijana ni leso. Sisi watu wa pwani twaijua leso ina sehemu tatu: pindo, mji na jina. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lenye alama ya Mali ya Abdulla, limekuwa likifanya biashara ya leso tangu karne ya 19. Lakini ua la pindo linaweza kutoka mkononi mwa kijana wa Diani. Chora ua moja. Lirudie kuzunguka pindo lote. Halafu tia bahati nasibu kidogo: iambie kompyuta ichague ukubwa wa maua ya mji yenyewe, baina ya kipimo hiki na kile. Kila ukiendesha utapata leso nyingine. Chagua iliyopendeza. Jicho la mchoraji linabaki kuwa lako. Kompyuta haijui lipi zuri.

Ukitaka kupeleka matbaani, Processing inaweza kuhifadhi mchoro katika muundo wa PDF, na mistari ikabaki safi hata ukiikuza iwe bango la ukutani. Lakini tahadhari: rangi zake ni za kioo, si za wino. Ifungue kwanza kwenye programu ya uchapishaji uzigeuze, au umwambie mchapaji, la sivyo ile kijani uliyoipenda itatoka imefifia.

Zoezi la tatu ndilo la riziki, nalo ni orodha. Umepewa kazi ya vyeti vya madrasa, watoto 140. Usiandike majina 140 juu ya vyeti 140. Yaandike mara moja kwenye faili ya kawaida, jina moja kwa kila mstari. Mpe mwalimu ayahakiki yeye, maana yeye ndiye anayewajua watoto na baba zao. Kisha amri moja, loadStrings("majina.txt"), itayasoma yote, na programu itachora vyeti vyote huku wewe ukinywa uji wa daku. Jina la mtoto ni haki yake, wala si jambo dogo kumwita kwa jina la baba asiye wake.

Na ile ratiba? Niliporudi kuitengeza mwaka uliofuata, nilipokea nyakati kwa mashekhe kama kawaida. Sikuzihesabu mimi, hiyo si kazi yangu. Niliziweka kwenye faili, programu ikapanga karatasi. Lakini niliongeza jambo moja. Niliiambia igeuze kila saa iwe dakika: saa 12:36 ni dakika 756. Kisha ilinganishe kila siku na siku ya jana yake. Sisi hapa tuko karibu na ikweta, Magharibi haisogei hata dakika moja nzima kwa siku. Kwa hiyo nikaweka sharti: ukiona tofauti imezidi dakika mbili, andika mstari huo kwa rangi nyekundu.

Ili kuijaribu, nikalirudisha lile kosa langu makusudi, 12:26 siku ya 19. Nikabonyeza. Mstari wa 19 ukawaka mwekundu, na wa 20 pia, maana tofauti iko pande zote mbili. Nilikaa nikautazama. Mistari michache ya programu ingetosha kuwahifadhia watu funga yao.

Msidanganyike, wala msikate tamaa

Vijana wataniuliza: leo kuna akili bandia, unaiomba picha inakupa, unaiomba programu inakuandikia. Tuhangaike kwa nini? Ni kweli, na mimi huitumia kama mtu anavyomuuliza mwenzake. Lakini hiyo akili bandia hukosea, na hukosea kwa kujiamini. Ikikuandikia programu ya ratiba nawe hujui kuisoma, utajuaje kama ni sahihi? Mzee wa watu atakuja kwako wewe na karatasi yake mkononi, hataiendea kompyuta.

Wala sitawaambia mtatajirika. Sisi watu wa Diani twajua wageni wakipungua biashara yote inalala, na mabango hayaagizwi. Kujifunza programu hakutazuia hayo. Lakini kunakuongezea mlango: kazi ambayo jirani yako anaifanya kwa siku tatu utaifanya kwa jioni moja, bila makosa, na unaweza kumfanyia mteja wa Mombasa au wa Muscat bila kutoka nyumbani.

Utaratibu ninaoupendekeza ni huu. Kwanza, nusu saa kila siku, afadhali baada ya Alfajiri kichwa kikiwa chepesi, kuliko saa sita siku moja kisha uache mwezi mzima. Pili, uwe na mwenzako. Kosa usiloliona wewe, yeye huliona. Tatu, chora kwa penseli kwanza, uhesabu kwenye karatasi, ndipo ufungue mashine. Nne, usiiache kazi yako ya sasa. Ifanye programu imsaidie mchoraji uliye tayari. Tano, ukikwama soma ujumbe wa kosa polepole. Mara nyingi ni herufi kubwa iliyoandikwa ndogo, au nukta na mkato uliosahaulika.

Wazazi wetu, kijana akikaa mbele ya kompyuta si lazima awe anacheza gemu. Kaeni karibu naye, mwambieni, "Hebu nionyeshe." Na msiwasahau mabinti. Hao wanaohesabu miyaa tangu utotoni wana mwanzo mzuri kuliko sisi wanaume.

Ndugu zangu, mwezi huu ndio ulioteremshiwa Qur'an, na wahyi wa kwanza ulianza kwa amri ya kusoma, ukataja na kalamu. Kalamu ya zama zetu ina umbo jingine, lakini mwenye kuishika ataulizwa alichokiandika, kama mimi nilivyoulizwa kwa nambari moja. Tujifunze ili kazi zetu ziwe na itqani, na watu waliotuamini wasijute.

Jua linaelekea kutua, nami sitaki kuwapa tena Magharibi isiyo yake, kwa hiyo tumngoje muadhini wetu.

Tunamuomba Allah (s.w.t.) atutakabalie funga zetu, atusamehe makosa yetu ya kujua na ya kutojua, na awape vijana wetu elimu yenye manufaa na riziki ya halali. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.